Utando Usiopaswa Kukauka

Siku yangu ya kwanza kazini sikupewa koti wala ufunguo. Mkuu wa kituo cha maji, ambaye sote tulimwita Chef, alinikalisha mezani na kuniwekea vipande viwili vya utando wa kuchujia maji, kila kimoja kikubwa kama leso. Akadondosha tone la maji juu ya kila kimoja. Kwenye cha kwanza tone lilienea na kupotea. Kwenye cha pili lilisimama la mviringo, halitaki kwenda popote.

"Matundu yao ni sawasawa," alisema. "Lakini moya inapenda mayi, ingine haipendi. Usiangalie tundu tu, mama. Angalia ngozi."

Ninyi vijana mkisikia kuchuja maji mnafikiria chujio la chai, na mimi nilifikiria hivyo hivyo. Maji yetu ya Goma hupita kwenye mawe ya mlima wa volkano na kuchukua floridi, ile inayoacha madoa ya kahawia kwenye meno ya watoto. Vitundu vya utando wetu vilikuwa vidogo mno, lakini floridi nayo ni ndogo, na nyingi ingepenya. Iliyoizuia ni ngozi yenyewe: ilikuwa na chaji hasi ya umeme, floridi ina chaji hasi vilevile, kwa hiyo zilifukuzana. Maji hayakuwa na ugomvi huo, yakapita. Ngozi hiyo ilikuwa na maringo yake. Klorini, ambayo kila mama wa mtaa wetu wa Majengo aliitaka kwenye ndoo yake kwa kuogopa kipindupindu, iliila. Na ikikauka, hewa ikishaingia vitunduni, maji hayapiti tena kama mwanzo.

"Ikikauka, imekufa," Chef alirudia, hata kwa wageni ambao hawakumuuliza kitu.

Baadaye nilipelekwa Kibati kwenye mtambo mdogo, kisha nikarudishwa kituo cha kwanza, kando ya ziwa, nikiwa msimamizi. Ndipo mlima ulipoanza kutikisa ardhi na mji ukaambiwa uhame. Umeme ulikatika, pampu ikasimama, na tetemeko likalegeza kifuniko cha bomba lililobeba utando. Maji yakawa yanavuja. Ilibidi mtu abaki kulijaza bomba kwa mkono, utando usikauke.

Directeur, mkubwa wa shirika letu la maji, alinipigia simu. "Funga byote, uende. Ile machine haiko mutoto yako."

Mume wangu, Papa Furaha, alikuja na watoto na godoro kichwani. Dada yake alikuwa Bunagana, kwenye mpaka wa Uganda.

"Twende," alisema.

"Mutangulie. Nitawakuta."

Furaha, binti yetu mkubwa, aligeuka mara kwa mara mpaka walipokata kona. Nikabaki na ndoo. Niliogopa sana, siwadanganyi. Ardhi ilitikisika, mtaa mzima ulikuwa kimya, nami nikawa nasema na bomba ili nisikie sauti ya mtu.

Watu waliporudi, maji yalitoka safi. Directeur alinipa mkono mbele ya wote. Lakini Papa Furaha alikuwa ameshavuka mpaka kuingia Uganda, amepata kazi, watoto wameingia shule, na alisema harudi tena chini ya mlima ule. Kila mwaka nilisema mwaka ujao nitawafuata. Kila mwaka palikuwa na bomba la kutengeneza au kijana wa kufundishwa. Papa Furaha alifia kule, akazikwa kule. Nilifika matanga yameisha.

Nilipostaafu niliomba kile kipande kilichopenda maji. Nimekiweka ndani ya ndoo, chini ya meza, nikikibadilishia maji kila wiki. Hapa Majengo watoto hunisalimia wakitoka bombani, wanacheka, meno meupe. Nafurahi kuyaona. Meno ya wajukuu wangu nayaona kwenye picha za simu tu, na jioni nyumba hii ni kubwa mno kwangu.

Juzi Furaha alipiga.

"Mama, ile kitu ungali unaitunza?"

"Ndiyo."

"Sasa inapitisha nini?"

Nilitafuta jibu la kitaalamu, na ninayo mengi. Nikamwambia hakuna.

"Basi njoo," alisema.

Leo asubuhi nimekitoa kwenye ndoo na kukianika kwenye kamba, kati ya vitenge viwili nitakavyosafiri navyo. Jua ni kali. Vitenge vikikauka, nakunja na kwenda kutafuta gari la Bunagana.