Ukoo wa Uduvi

Juzi nilipita sokoni mbele ya mama anayeuza uduvi, na ile harufu yake kali ya chumvi na jua ikanisimamisha. Wengine harufu hiyo huwakumbusha pwani. Mimi, niliyezaliwa Pangani, hunikumbusha Titye, huko kwenye vilima vya Kasulu, ambako bahari watu waliisikia redioni tu.

Tulifika Titye mwaka 2013, nikiwa na miaka kumi. Mama alikuwa muuguzi, amepangiwa kazi huko, na baba alikwisha fariki, kwa hiyo tulikuwa wawili tu. Darasani tulisoma kwa Kiswahili, lakini kengele ya mapumziko ikilia wenzangu walirudi kwenye Kiha chao, wakacheka mambo nisiyoyaelewa. Mimi waliniita Mswahili. Hawakunipiga wala kunitukana. Walinipita tu, na nawaambieni, kupitwa kunauma. Kila siku nilimwomba Mungu anipe rafiki mmoja. Sikuomba wawili, nisije nikaonekana mlafi.

Kwa kuwa sikuwa na ndugu wa kucheza naye, nikaanza kuwatafutia viumbe wengine ndugu zao. Nilipindua mawe nyuma ya nyumba, nikaokota waliokufa na kuwapanga kwenye vifuniko vya ndoo, kila ukoo na kifuniko chake. Jongoo na tandu niliwaweka pamoja kwa ajili ya wingi wa miguu. Buibui nilimpa nge, kwa kuwa wote wana miguu minane. Panzi, mende, nyuki na siafu, wenye miguu sita, walipata kifuniko kikubwa, na kila asubuhi niliwakagua wote kama mwenyekiti wa kijiji. "Mwanangu, ipo siku utamleta nge mzima ndani," mama alilalamika. Uduvi aliotutumia bibi kutoka Pangani sikuwatafutia kifuniko. Kwetu uduvi huuzwa karibu na dagaa na hupikwa kama dagaa, basi ni samaki. Hilo sikuwahi hata kujiuliza.

Mvua za kwanza ziliponyesha, kumbikumbi wakatoka vichuguuni. Jumamosi moja asubuhi nilikuwa nimeanika uduvi kwenye ungo uani, akaja Butoyi, msichana niliyekaa naye dawati moja ambaye sikuwahi kuzungumza naye zaidi ya kuazimana ufutio. Alishika bakuli la kumbikumbi waliokaangwa, bado wa moto, limefunikwa kwa jani la mgomba.

"Mama kasema nikuletee iswa," alisema. Ndivyo Waha wanavyowaita kumbikumbi.

Moyo ulinidunda kwa furaha. Nilimkaribisha kwenye kigoda, lakini yeye akachuchumaa kando ya ungo, akawatazama uduvi kwa muda mrefu. Kisha akamchukua mmoja, akamlaza kiganjani pembeni ya kumbikumbi mmoja.

"Hawa ni ndugu," akasema.

"Ndugu wapi? Huyu wa baharini!"

"Angalia kichwani, vinyuzi vya kupapasia. Angalia miguu, ina viungo. Na mwili umekatwa vipandevipande mpaka mkiani. Mimi na pacha wangu Bukuru hatufanani hata kidogo, ila tumetoka tumbo moja. Wako alibaki majini, wangu akatoka. Basi."

Siku ile nilisikia jambo moja tu, kwamba ananiambia tunakula wadudu. Nilikuwa nimechoka kuwa mtu wa ajabu, na bahari ndiyo kitu pekee nilichokuwa nacho ambacho wao hawakuwa nacho. Nikasimama.

"Uduvi ni samaki," nikamwambia. "Sisi hatuli wadudu. Wadudu mnakula ninyi."

 Butoyi alimrudisha uduvi wangu kwenye ungo taratibu, akalifunika bakuli lake, akaondoka. Jumatatu alimwomba mwalimu amhamishe dawati. Nilikaa peke yangu mpaka mwaka uliofuata, mama alipohamishiwa Kibondo, na siku ya kuondoka hakuna mtoto aliyekuja kuniaga. Nililia tangu Titye hadi Kasulu mjini. Mama akadhani ni vumbi, akanifunga kitambaa usoni.

Chuoni, nikiwa mwaka wa pili, mhadhiri alituchorea mti wa ukoo wa viumbe wote wenye miguu ya viungo. Buibui na nge walikuwa na tawi lao, mbali kidogo. Jongoo na tandu nao lao. Kisha akachora tawi la kaa, kamba na uduvi, na kutoka ndani ya tawi hilohilo akawachomoza wadudu wote: nyuki, panzi, kumbikumbi. Mababu zao waliishi majini, alisema, wakatoka nchi kavu. Undugu wa nyuki na uduvi ni wa karibu kuliko wa nyuki na buibui. Wenzangu waliendelea kunakili. Mimi niliweka kalamu chini, nikatamani kujificha chini ya meza kwa aibu.

Kukosea habari za uduvi hakukuniuma sana, nilikuwa mtoto. Kilichoniuma ni kwamba miaka yote nimewasimulia watu jinsi watoto wa Titye walivyonitenga, wakanionea huruma, nami nikaipokea. Wengi walinipita, ni kweli. Lakini yule mmoja niliyemwomba kwa Mungu alikuja mpaka uani kwetu, akaona undugu pale nilipoona tofauti tu, na mimi ndiye niliyemfukuza.