Beseni Chini ya Meza

Mapacha niliokuwa nikiwafundisha nyumbani kwao Makambako walisinzia kila nilipofungua mdomo, nikadhani nachosha. Nilipowauliza, wakanionyesha beseni chini ya meza. Baba yao aliwaamsha kabla ya jogoo, wakatumbukiza miguu kwenye maji baridi ili wasome wasilale. Naye alisoma hivyo hivyo enzi za bweni.

Kwa baridi hii ya kwetu. Nilichemka, nikamwendea baba yao.

"Shikamoo, mzee. Naomba hawa walale mpaka kupambazuke. Kwa vijana wa umri wao usingizi huchelewa kuja na huchelewa kuondoka. Si uvivu."

"Marahaba. Lakini akili hainolewi kitandani, mwalimu."

"Hunolewa huko huko. Mtu akilala, ubongo unapanga aliyojifunza, kama mnavyochambua viazi, vya mbegu huku, vya kula kule. Unawaamsha viazi vikiwa bado vimechanganyika."

Mkulima habishani na viazi. Akakubali tujaribu, shingo upande.

Majuma machache baadaye alivuta kiti, akawauliza mwenyewe habari za ubongo. Walijibu wakiwa macho kabisa, bila kuchungulia daftari, mpaka maswali yakamwishia.

Jumapili, nje ya kanisa, nikamsikia akiwahubiria wazee wenzake: "Kijana mwacheni alale. Kiazi ukikifukua kila alfajiri, hakikui."

Hakunitaja, wala sikudai. Beseni sasa liko uani. Jogoo hunywea maji humo, na ndiye anayestahili kuamka saa zile.