Dereva wa Kwenda Mbele

Vuai ameendesha basi London miaka ishirini na mbili, na Woolwich nzima inamwita Dereva. Msikitini Dereva, sokoni Dereva, hata muuza ndizi akimuona anajifanya kupiga honi. Ndiyo maana siri yake ilikuwa nzito: Vuai hajui rivasi. Tusimlaumu. Basi lake lilikuwa halirudi nyuma hivi hivi. Likipotea linazunguka, likishindwa kuzunguka yeye anapiga simu ofisini, anakunja mikono. Na gari lake mwenyewe huliegesha mtaa wa tatu, penye nafasi ya kuingilia mbele, ati daktari kamwambia atembee.

Sasa mwaka huu Hafidh, kaka wa mkewe, kanunua karavani, kile kijumba cha magurudumu kinachofungwa nyuma ya gari, chenye jiko, vitanda, na choo ambacho ukisimama lazima uiname. Akawaazima wiki nzima wakatembee miji ya kale huko mashamba. Lakini shemegi ni shemegi.

"Sharti moja tu," akasema, mbele ya watu waliotoka sala ya Ijumaa. "Jumapili ijayo unaliingiza mwenyewe getini kwangu, kwa rivasi. Ukishindwa, jina la Dereva unaliacha hapo hapo barabarani."

"Unajua unaongea na nani wewe?" Vuai akajibu.

Basi safari ikawa ya mizunguko. Mji usio na kiplefti cha kuzungukia gari, hata uwe na kasri la mfalme gani, Vuai hakuutia kwenye orodha. Wakizunguka soko, wakizunguka kanisa, wakizunguka tena.

"Dad, that's the same church," akasema Afnan, binti yao wa miaka kumi na sita. "Third time."

"Nalitazama vizuri. La kale hilo."

Siku ya nne wakafika mji wa Lavenham, kwenye zile nyumba za mbao zilizopinda utadhani zinasikilizana umbea. Watu wanapiga picha. Mardhiya, mkewe, akataka kujua ndani ya kuta mna nini. Afnan akasoma kibao: fimbo na tope.

"Fito na udongo!" Mardhiya akapiga kelele. "Hii si nyumba ya bibi yangu kule Wete? Ile tuliyoibomoa kwa aibu!" Akaupapasa ukuta, akauamkia "Shikamoo bibi," akacheka mpaka mtandio ukamdondoka.

Kwa furaha ile Vuai akajisahau. Akaufuata mtaa mmoja mwembamba, mzuri ajabu, na katikati yake likatokea trekta limebeba majani makavu. Mzee aliyeliendesha akatikisa kichwa: mimi sirudi. Nyuma ya Vuai palikuwa wazi, hatua thelathini tu. Akatia gia ya nyuma, akakata usukani kushoto, karavani likaenda kulia kunusa maua ya dirisha la watu. Akajaribu tena. Maua yale yale.

"Baba Afnan," Mardhiya akasema taratibu, "hujui, eh?"

"Nimechoka tu."

"Miaka ishirini na nane ya ndoa umechoka?" Akafungua mlango. "Ngoja."

Akaenda kusimama nyuma, mtandio kaufunga kiunoni. Utotoni Wete yeye ndiye aliyekuwa akirudisha gari la ng'ombe la baba yake bandani, na gari la ng'ombe na karavani ni mtu na ndugu yake: kichwa kikienda huku, mkia unakwenda kule.

"Haya, kichwa kulia! Pole pole. Rudi, Mpole, rudi baba!"

"Mpole nani?"

"Ng'ombe! Usisimame!"

Hakusimama. Mikono ikatii yenyewe. Karavani likarudi limenyooka kama msumari, mwenye trekta akapiga makofi, na Afnan alikuwa kakaa chini barabarani, hana mbavu. Siku zilizobaki hawakutafuta kiplefti tena. Waliingia kila kichochoro, ili tu watoke kwa rivasi.

Jumapili, Woolwich. Hafidh kajiwekea kiti karibu na geti, kikombe cha chai mkononi, majirani sita pembeni. Huku ukuta, huku gari jipya la Hafidh.

"Nikae kimya?" Mardhiya akamnong'oneza mumewe. Alijua kuitwa ng'ombe mbele ya majirani si jambo dogo.

Vuai akatazama kiti, akatazama majirani, akautazama ukuta kwa muda mrefu zaidi. Akateremsha kioo.

"Mardhiya! Niite!"

Mtandio kiunoni. "Haya, Mpole! Kichwa kushoto. Rudi baba, rudi, nyoosha... hapo hapo!"

Likaingia, likabakisha nafasi ya kupita kuku kila upande. Majirani wakashangilia. Hafidh hakuona kitu. Lile jina la Mpole lilimkuta na chai mdomoni, na sasa alikuwa anakohoa, machozi yanamtoka.

"Mpole? Mpole wetu wa Wete?"

"Huyo huyo," akasema dada yake.

"Basi baki na jina lako, shemegi, halali yako. Lakini Mpole tulimchinja harusini kwako! Nundu ulipewa wewe bwana harusi peke yako, ukalalamika ngumu!"

Vuai akazima gari, akafikiri kidogo.

"Kumbe rivasi ninayo," akasema, akijipapasa tumbo. "Ilikuwa haijasagika tu."