Kitanda Kando ya Mlango

Katika nyumba ile ya kutunzia wazee walimwita Mama Sala, na watunzaji wenzake hawakumpa jina hilo kwa heshima. Walikuwa watu wa siku hizi, kwao dini ni mambo ya bibi na babu. Akiinamisha kichwa kabla ya chai, walimtuma amwambie huyo Baba yake aongeze sukari. Alicheka nao, akamaliza kikombe, kisha akaenda kumgeuza mgonjwa ambaye wao walikuwa wamemsahau tangu asubuhi. Mahubiri ya namna hiyo, mimi naona, hayahitaji kipaza sauti.

Chumba cha mwisho kwenye korido kilikuwa cha Mwalimu. Alikuwa amefundisha hesabu miaka arobaini, hakubakiwa na mke wala mtoto, na ulimi wake ulikata kuliko wembe. Watunzaji watatu walikwisha kumkimbia. Mama Sala alipoingia na beseni siku ya kwanza, mzee alimtazama toka juu hadi chini, akasema habari zake ameshazisikia.

"Nioshe, nigeuze, nikate kucha. Lakini Mungu wako, mama, abaki nje ya mlango huu. Humu ndani sitaki kuombewa. Tumeelewana?"

"Tumeelewana, Mwalimu."

Ahadi ni deni. Kila asubuhi Mama Sala alisimama kwenye korido, beseni mkononi, macho kayafumba, midomo ikicheza. Ndipo akavuka kizingiti, na akishavuka hakutamka neno la dini, wala hakuimba hata kwa pua. Alimsugua mgongo, akampaka mafuta pale ngozi ilipoanza kuchubuka, akamkata kucha kidole kwa kidole. Mwalimu alifoka kwamba maji yanapoa huko nje. Kumbe alikuwa akimwona.

Miezi ikapita, na mzee akapunguza ukali. Hakuwa ameongoka, alikuwa amezoea tu. Alimsimulia habari za wanafunzi wake wa zamani, hasa wale watundu, na siku moja alicheka mpaka akapaliwa.

Aliyemkosesha Mama Sala usingizi alikuwa shemeji yake, ndugu wa marehemu mumewe, mzee wa kanisa. Aliposikia habari za ahadi ile alimjia juu. Alimwambia anamwonea Yesu haya, na kwamba mtu yule akipotea, yeye ndiye atakayeulizwa. Maneno hayo yalimchoma kwa sababu aliyaamini. Alimpenda yule mzee mkali, na aliogopa sana asije akafa bila Mungu. Lakini aliona vibaya pia kumvunjia ahadi mtu asiyeweza hata kujigeuza kitandani. Akaendelea kuishia pale pale mlangoni, na siku nyingine aliingia na macho mekundu, akasingizia mafua.

Mapafu ya Mwalimu yakaanza kujaa maji. Daktari alimpima, akatoka bila kusema mengi. Kesho yake asubuhi, Mama Sala alipovuka kizingiti, mgonjwa alimwita kwa kidole.

"Sogeza kitanda. Kilete mlangoni."

"Karibu kiasi gani, Mwalimu?"

"Mpaka kiguse fremu. Nataka hewa. Usijipe matumaini, ni hewa tu."

Dirisha lilikuwa wazi upande wa pili, na hewa ilikuwa tele. Mama Sala alifungua breki za magurudumu, akasukuma.

Siku tatu aliomba akiwa kwenye korido, shibiri mbili tu kutoka kichwa cha mzee. Hakupaza sauti ili asikike. Siku ya nne Mwalimu hakuweza tena kusema. Mkono wake ulitambaa juu ya shuka, ukapita ukingo wa kitanda, ukatokeza nje ya mlango. Mama Sala aliushika hapo hapo ulipofika, upande wake wa kizingiti, akaomba mpaka ukalegea.

Jumapili shemeji alimngojea nje ya kanisa. Alikuwa ameshampangia nafasi katika ibada, asimame atoe ushuhuda wa roho iliyookolewa. Mama Sala alitamani kuutoa, Mungu ndiye shahidi.

"Alitubu?" shemeji aliuliza.

"Sijui, shemeji. Aliniambia nisogeze kitanda mlangoni, nikakisogeza."

"Na hilo ndilo utakalowaambia watu?"

"Siwaambii kitu. Hilo ni lake na Mungu wake."

Shemeji alifuta jina lake kwenye karatasi ya ratiba ya ibada, kwa hasira. Mama Sala akaingia, akakaa benchi la nyuma kabisa, akamlilia Mwalimu kama mtu aliyefiwa na kaka yake.