Mikono ya Mzee Haji

Nakumbuka mchana ule wa sherehe ya wafanyakazi, mwanangu, mpaka leo. Nilikuwa kijana, mhudumu wa mgahawa katika hoteli moja hapa London, na nilijiona bingwa wa kuchekesha. Na kweli nilikuwa bingwa. Nilichokuwa sijui ni pa kuishia.

Tulikuwa na Mzee Haji, Mpemba aliyekuja huku kama mkimbizi. Mikono yake ilikuwa imeanza kutetemeka, na meneja hajui. Basi sisi Waswahili wa pale tukala njama: yeye atandike meza na kukunja vitambaa, supu na chai tubebe sisi. Tukamsitiri hivyo miezi mingi. Mkewe alikuwa mgonjwa, nyumbani kwao Woolwich, humu humu London, na kwa umri ule nani angempa kazi nyingine?

Siku hiyo ya sherehe tukaonyeshwa filamu ya kale isiyo na sauti, wahudumu wa hoteli wakiteleza na kumwagiana mchuzi. Watu wakacheka mpaka machozi. Ilipokwisha wakauliza nani ataigiza. Mimi huyo, mbio mbele! Nikashika trei ya vikombe, nikapinda mgongo, nikatetemesha mikono, vikombe vikaanguka. Meneja alicheka kuliko wote. Kisha akageuka, akaitazama mikono ya Mzee Haji.

Jumatatu Mzee akaitwa ofisini, akaambiwa abebe trei mbele ya meneja na wakubwa wenzake. Wiki haikwisha, akaachishwa kazi.

Nilimkuta akitoa vitu vyake kabatini. Nikamwambia, "Mzee, nisamehe, ilikuwa mzaha tu."

"Uliniigiza vyema, mwanangu," akasema. "Hata mie nilicheka."

Akaniomba nimfungie vifungo vya koti, vilikuwa vinamshinda. Nikamfungia, macho yangu chini. Sikumwona tena, na huzuni ile haijanitoka.

Jana ulinionyesha kwenye simu video ya mwenzako wa kazini akianguka na mashuka, ukashangaa sicheki. Ifute, mwanangu, kabla hujaituma kwa mtu. Kuchekesha sikukatazi, lakini jicheke mwenyewe. Udhaifu wa mwenzako ukiuona, umekabidhiwa amana. Ukiutoa hadharani hata kwa mzaha, umemwibia riziki yake, na msamaha hauirudishi.

Mungu akusitiri wewe na unaofanya nao kazi, na akujaalie uzee usiochekwa na mtu.