Bunduki Iliyokataa Kutulia

Mama Bisibisi alikuwa mwanamke wa makamo, mjane, mwenye mikono mikubwa na kicheko kikubwa zaidi. Jina hilo alipewa kwa sababu hakuna aliyewahi kumwona bila bisibisi iliyochomekwa kwenye kilemba. Alikuwa fundi wa bunduki za kuwindia. Kazi alifundishwa na marehemu mumewe, na alipoachiwa karakana aliishikilia kuliko hata marehemu alivyoishikilia. Bunduki inayopiga hovyo ikiingia kwake, ilitoka ikipiga pale unapotaka. Kwa hilo alijisifu mpaka akachosha watu. Ukimsalimu tu, anakuhadithia shabaha.

Sasa mtu kama huyo mpe bunduki isiyotengenezeka, uone vituko.

Ilikuwa bunduki ya bolti, ile ya kuvuta komeo kwa mkono kila baada ya risasi, mali ya mkulima mmoja mgane aliyeitwa Bwana Mahindi. Nguruwe pori walikuwa wanamalizia shamba lake, na kila alipowalenga, risasi zilikwenda zilikojisikia: moja hapa, moja kule, nyingine Mungu ndiye ajuaye. Aliingia karakanani amevua kofia, amepakata bunduki kama mtoto mwenye homa.

"Fundi, hii imenishinda," alisema.

"Mimi haijanishinda," akajibu Mama Bisibisi, akacheka. Bwana Mahindi naye akacheka, ingawa hakuna aliyesema la kuchekesha.

Nyuma ya meza ya kuuzia tochi na ndoano alikaa wifi yake, dada wa marehemu, mwanamke asiyepitwa na jambo. Aliwatazama wawili hao wakichekeana, akaguna, akaendelea kupanga betri zake.

Mama Bisibisi alikuwa na utaratibu, na ole wako umharakishe. Badili kitu kimoja, kapige, urudi. Ukigusa viwili hutajua kipi kilikuwa mkorofi. Alianza na skrubu zinazobana chuma kwenye mbao. Zilikuwa zimelegea, akazikaza. Wakaenda uwanja wa shabaha, nyuma ya machimbo ya mawe yaliyoachwa. Fundi akalala kifudifudi, bunduki juu ya gunia la mchanga, Bwana Mahindi kasimama karibu na bega lake, akapiga risasi tano. Bunduki nzima huziweka tano zote mahali panapofunikwa na kizibo cha soda. Hizi zilihitaji sinia.

"Darubini hiyo," fundi alisema. Akafungua vishikizi vya darubini, akavisafisha, akavifunga upya. Wakarudi uwanjani. Sinia.

Akapitisha kipande cha karatasi kati ya mtutu na mbao. Kilitakiwa kiteleze mpaka mwisho, lakini katikati kikakwama: mbao ilikuwa imevimba kwa unyevu na inausukuma mtutu. Akapiga kelele za ushindi mpaka jirani akachungulia. Akaipiga msasa mbao hiyo mpaka karatasi ikapita bila kusitasita. Wakaenda uwanjani wakiimba garini. Sinia, na safari hii lile la harusini.

Akausugua mtutu kwa ndani mpaka utando wote wa shaba ulioachwa na risasi ukatoka. Akatumia risasi za boksi moja tu, zisitofautiane. Hapana. Kila safari Bwana Mahindi alikuwepo, hakosi, mara kaleta mahindi mabichi, mara kavaa shati la pasi kuja kwenye vumbi la machimbo, mara kauliza kama mgongo wa fundi hauumii kwa kulala chini. Mama Bisibisi naye alianza kujipaka manukato asubuhi za kwenda kupiga risasi. Akiulizwa anasema ni kwa ajili ya kuondoa harufu ya baruti.

Mji ukaanza kunong'ona kwamba Mama Bisibisi ameishiwa. Uvumi ukamfikia Afisa wa Leseni za bunduki, naye akatuma ujumbe mkavu kama mwenyewe. Ijumaa atakuja uwanjani, na fundi atapiga kwa mkono wake mbele yake. Bunduki ikiendelea kutawanya, itachukuliwa, na kibali cha karakana kitasimamishwa. Kwa maneno mengine, nguruwe wangerithi shamba na Mama Bisibisi angebaki na meza ya ndoano. Usiku ule alilia, kisha akakasirika kwa kulia.

"Nimebadili kila kitu, wifi," alisema asubuhi.

"Kipo kimoja hujabadili."

"Kipi?"

"Sikwambii. Nimekula raha sana kukutazama, siwezi kuiharibu sasa."

Ijumaa walifika mapema, fundi, wifi na Bwana Mahindi. Mara ikasikika honi inalia kwa hasira: gari la Afisa lilikuwa limenasa kwenye tope kule langoni. Bwana Mahindi akakimbia kwenda kulisukuma. Mama Bisibisi, kwa kukosa la kufanya, akalala chini akapiga tano. Kisha akajikokota hadi kwenye karatasi, moyo mzito.

Kizibo kingezifunika zote na nafasi ingebaki.

Akasimama kinywa wazi. Upepo ule ule, boksi lile lile, gunia lile lile. Kimebadilika nini? Akageuka kutazama uwanja. Gunia lipo. Wifi yupo. Aliyepungua ni mmoja tu, na sauti yake ilikuwa inasikika langoni ikisema "moja, mbili, sukuma!"

Uso ukamwaka moto. Kumbe bunduki ilikuwa imepona tangu siku ya msasa; aliyekuwa anatawanya risasi ni yeye, kila mtu huyo akisimama karibu na bega lake. Akarudi, akakaa juu ya gunia la mchanga, akacheka mpaka machozi yakamtoka.

"Umejua?" wifi akauliza.

"Nimejua. Wifi, utanichukia?"

Wifi akamwekea sawa bisibisi kilembani. "Kaka yangu nilimpenda," alisema. "Na yeye alipenda ukicheka. Nitakuchukia ukikosa shabaha leo, basi."

Afisa akaja akifuta viatu. Nyuma yake Bwana Mahindi, tope kuanzia paji la uso mpaka miguuni, meno tu ndiyo yanayoonekana.

"Bwana huyu hawezi kungoja garini?" Mama Bisibisi akajaribu.

"Mwenye bunduki husimama hapa," Afisa akasema, akinyoosha kidole palepale karibu na bega la fundi.

Mama Bisibisi akalala. Akaangalia kwenye darubini, na shabaha ikawa inacheza ngoma. Akavuta pumzi, ikazidi. Mkono huo ulikuwa umebeba karakana nzima na shamba la watu. Akaiweka bunduki chini, akageuza shingo.

"Bwana Mahindi, unanipenda au hunipendi? Nijibu upesi, nina risasi tano za kupiga."

Afisa akakohoa. Bwana Mahindi kofia ikamdondoka.

"Nakupenda, fundi," alisema. "Tangu siku ya skrubu. Nilikuwa naogopa bunduki itapona."

"Vizuri. Na mimi nakupenda. Sasa nyamaza."

Akashika bunduki. Shabaha ilikuwa imetulia tuli. Akapiga, akavuta komeo, akapiga, mpaka zikaisha, na kila moja alijua inakwenda wapi kabla haijaondoka.

Afisa alikwenda kwenye karatasi, akainama, akavaa miwani, akainama tena. Akarudi ameinyanyua juu kwa mikono miwili, uso kavu wote umemlainika.

"Shimo moja!" alisema. "Tazameni! Kama zimepita mlango mmoja!"

Hakuna aliyegeuka. Mama Bisibisi alikuwa anamfuta Bwana Mahindi tope usoni kwa ncha ya khanga, anamuuliza kwa nini hakusema siku zote hizo, naye anamuuliza hilo hilo, na wote wawili wanaongea kwa wakati mmoja. Wifi ndiye aliyenyoosha mkono akaipokea. Mwanamke aliyeuchosha mji mzima kwa habari za shabaha hakuitazama karatasi ile mpaka kesho yake.