Hiari ya Darasa la Kumi

Ilitangazwa mbele ya bendera, mwezi wa kwanza wa mwaka 1957, kwamba kuanzia muhula ule kila mwanafunzi wa Darasa la Kumi atachagua somo moja kati ya Historia, Jiografia na Uraia, kwa hiari yake mwenyewe, bila kushawishiwa wala kuogopeshwa na mtu yeyote. Bwana Mkuu wa shule, Mwingereza mwenye miguu mirefu na nia njema, alilisoma tangazo kwa Kiingereza, kisha kwa Kiswahili, na katika lugha zote mbili likabaki jema.

Mwalimu Marcelino Kalinga wa Jiografia alipiga makofi pamoja na wengine, halafu akaitwa ofisini kuambiwa lililobaki. Somo litakalokosa watu, mwalimu wake atahamishiwa shule ya kati ya Rujewa, huko chini Usangu, kwenye mpunga, joto na mbu. Historia ilikuwa ya Mwalimu Ahmadi Isihaka, mzaliwa wa Mlandege, mtaa wa hapo hapo mjini, ambaye babu yake alipanda kutoka pwani na mzigo wa kanga akafungua duka. Uraia angeufundisha Bwana Mkuu mwenyewe, kwa hiyo haukuwa na hatari ya kuhamishwa.

Nyumbani, mkewe Verediana alisikiliza huku akimenya viazi. Alikuwa mjamzito, karibu kujifungua. Mtoto wao wa kwanza, Apolonia, alifia huko huko Usangu kwa homa, Kalinga alipokuwa mwalimu mchanga.

"Mimi huko sirudi, Baba Apolonia," alisema. "Ukienda, unakwenda peke yako."

Asubuhi ya kuchagua, walimu wote watatu walisimama mbele ya darasa. Bwana Mkuu akauliza nani anataka Jiografia. Mikono yote ikapanda. Kalinga akahisi moyo umemjaa; hakujua kwamba alikuwa anapendwa kiasi kile. Ikaulizwa Historia, mikono ile ile ikapanda. Ikaulizwa Uraia, ikapanda tena, na waliokuwa nyuma wakanyanyua miwili.

Bwana Mkuu akawa mwekundu, akauliza kama hii ni siasa. Haikuwa siasa. Vijana wale walikuwa wametoka katika nyumba ambamo mtoto hamwambii mkubwa "chako sikitaki" huku mkubwa anamtazama. Ukitengewa vyungu vitatu unaonja vyote vitatu, usichokipenda unakiacha baadaye, kimya kimya, bila kumwaibisha mpishi. Kalinga alilelewa hivyo hivyo, na angeweza kulieleza jambo hilo kwa maneno machache, ila alikuwa bado anashangaa ile mikono aliyodhani ni yake imekwenda wapi.

Walimu wakatolewa nje, akabaki kiranja aulize. Hakuna mkono ulionyanyuka, kwa somo lolote. Hapakuwa na mtu wa kumheshimu. Mwisho Bwana Mkuu akaamua kuwaita mmoja mmoja ofisini kwake, mlango umefungwa, ili kila mtu aseme la moyoni. Wakaingia, wakasema. Wote walichagua Uraia.

Alifurahi sana. Aliwaambia walimu kwamba vijana wa siku hizi wana kiu ya uraia. Kuhusu madarasa ya chini, mwalimu mmoja angetosha kwa Historia na Jiografia, basi mmoja atabaki na mmoja atakwenda, nao pia hatawalazimisha, maana hiari ni ya watu wote. Akamwita Ahmadi kwanza.

Kalinga alingoja barazani akiwa na sentensi yake tayari. Aliifanyia mazoezi tangu alfajiri: mke wangu hawezi Usangu, tulimzika mtoto kule. Ahmadi alipotoka, yeye akaingia, akasimama, akakutanisha viganja.

"Bwana Kalinga," alisema Bwana Mkuu, "unapenda kubaki hapa au kwenda Rujewa? Sema kwa uhuru kabisa."

"Utakavyoona wewe, Bwana Mkuu."

Hilo ndilo jibu la mwanzo. Mzee yeyote wa Uhehe angelipokea, angeuliza habari za nyumbani, angeuliza mama hajambo, na hapo neno lenyewe lingetoka taratibu kupitia mlango wa uani. Bwana Mkuu alimshukuru kwa moyo wake wa kujitolea. Kalinga aliendelea kusimama, akingoja maswali. Akashukuriwa tena, na safari hii mlango ulifunguliwa.

Nje, Ahmadi alikuwa anawasha sigara.

"Mimi nimemwambia nabaki," alisema. "Kaniuliza, nikamjibu. Wewe umemwambiaje?"

Kalinga akamweleza. Ahmadi alimtazama mpaka kiberiti kikamuunguza kidole.

"Ndugu yangu, yule ni Mzungu. Si mkweo."

Kalinga alifikiri kurudi ndani, lakini kumrudia mkubwa na neno la pili baada ya kushukuriwa, hilo hakulijua linaanzaje. Alishuka Usangu Jumamosi juu ya lori la magunia matupu. Verediana alikwenda kujifungulia kwa mama yake, na huko akakaa.

Mwezi wa nne Bwana Mkuu alikwenda likizo kwao Uingereza. Kwa muda wote uliobaki wa mwaka, kipindi cha Uraia kikifika, Darasa la Kumi walipewa mafyekeo wakafyeka majani ya uwanja wa mpira.